Uzi kwenye Mkia wa Ndege ya Masunga

Toa mkono kwanza. Wewe, ndiyo, wewe mwenye kofia. Ondoa mkono kwenye mkia wa hiyo ndege ndipo tuongee.

Sijui vijana mna nini na mikono yenu. Mtu akiingia humu karakana, kabla hata hajatoa salamu ya mwangaluka, ameshafika kwenye usukani wa mkia anauchezesha, huku, kule, huku, kule, kama mlango wa choo. Na kile kibati kidogo kinachochungulia nyuma ya usukani ndicho mnachokipenda kuliko vyote. Mnakibonyeza kwa kidole. "Bibi, hiki kimepinda, nikinyooshe?" Kimepinda! Kimepinda ndiyo, kimepindishwa. Mimi nimekosa usingizi kwa ajili ya huo mpindo, halafu wewe umekuja jana unataka kuninyooshea.

Kaeni basi. Leo nawaambia, msiniulize tena.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Yote ninayoyajua nimeyapata kwenye sindano. Miaka mingi nilishona magunia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, na nyumbani nikawa nashona sare za shule, magauni ya harusi, vitambaa vya meza ya kanisani, chochote kinachoingia chini ya cherehani. Masunga alikuwa fundi mitambo kiwanda hichohicho. Tulistaafu karibu pamoja. Wenzetu wakistaafu wananunua ng'ombe. Yeye akaanza kutengeneza ndege.

Watu wa Kasoli, kijijini kwake, walisema amerogwa. Mkewe alisema afadhali angeoa mke wa pili, maana mke wa pili angesaidia kupalilia.

Siku moja akaja kwangu, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Mayu, mama yangu, unaweza kuivalisha ndege?"

Nikamuuliza, "Kiuno chake inchi ngapi?"

Hakucheka. Siku hizo Masunga alikuwa hacheki kwa jambo linalohusu ile ndege. Akasema, "Ina mabawa mawili na mkia. Kiuno nitakupimia."

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye ndege, nikiwa na miwani ya kuazima. Ndege za namna hii, za kutengeneza mwenyewe nyumbani, ni mifupa ya mabomba na mbao, na juu inavaa kitambaa. Kitambaa chenyewe si pamba. Jamani, sisi watu wa pamba, nilisikitika! Ni cha plastiki, kigumu, hakina hata harufu. Unakivalisha kikiwa kimelegea kidogo, unagundisha kingo, halafu unapitisha pasi. Pasi ikipita, kinajikaza chenyewe mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Ila usimalize upande mmoja ndipo uende wa pili. Piga pasi huku kidogo, kule kidogo. Ukikaza upande mmoja peke yake, mifupa inapinda kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Baada ya hapo ndipo unashona, sindano ndefu kama mkono, uzi wa nta, fundo kila baada ya vidole vitatu. Fundo likilegea usilibembeleze. Kata, rudia.

Ule usukani wa mkia, peke yake, niliushona wiki tatu. Macho yangu yalishaanza ukungu. Nilijua baada ya ile sitashona tena kazi kubwa. Hilo mlishike, ndipo mtaelewa kwa nini nilikasirika vile.

Vibali alivihangaikia mwenyewe. Hiyo ni hadithi yake, mimi siiwezi, ina mihuri mingi mno.

Siku ya kuirusha, Masunga hakuirusha yeye. Alikuwa amejifunza, anajua, lakini ndege mpya hairushwi na aliyeitengeneza, maana anaionea huruma. Akaitwa rubani kutoka Mwanza, Kapteni Rehema, binti mrefu, mkavu wa maneno, aliyekubali kukaa nasi wiki moja tu. Jumamosi anaondoka, alisema, hata kama ndege iko angani.

Jumatatu akapaa. Akazunguka mara tatu, mimi nimefumba macho mara mbili kati ya hizo. Akatua. Kushuka, binti anachechemea. Akakaa juu ya pipa akawa anajikanda paja.

"Inaruka vizuri," akasema. "Lakini inavuta kushoto. Nimekanyaga pedeli ya kulia tangu napaa mpaka nimetua. Nikiachia tu, inaondoka."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo vijana mnapotoka nje kuangalia simu. Ndani ya ndege kuna pedeli mbili za miguu. Ukikanyaga ya kulia, usukani wa mkia unaenda kulia, pua ya ndege nayo inaenda kulia. Mbele ya rubani kuna kioo kidogo chenye maji na kijimpira ndani, kama pima maji ya fundi mwashi. Kijimpira kikikaa katikati, ndege inakwenda kifua mbele. Kikikimbilia pembeni, ndege inakwenda kiubavuubavu, kama mbwa anavyokimbia barabarani. Cha kwetu, mguu ukiachia tu, kilikuwa kinajibanza kulia, hakitaki kutoka.

Na kwa nini inavuta? Kapteni alitueleza palepale, kwa kijiti, kwenye udongo. Pangaboi la mbele likizunguka, upepo wake haurudi nyuma umenyooka. Unajisokota kama ugali unavyofuata mwiko, unauzunguka mwili wa ndege, unafika mkiani unaupiga ubavu mmoja. Hakuna uchawi. Ndege nyingi za pangaboi moja zina tabia hiyo, na dawa yake inaitwa trimu: kitu chochote kinachoukanyagia usukani ili mguu wa rubani upumzike. Alieleza vizuri sana. Aliyemsikiliza nani? Hakuna.

Maana wote tulikuwa tunaangalia mguu wa Masunga. Ujanani nzagamba, dume la ng'ombe, lilimbana zizini, na nyonga yake ya kulia haijarudi sawasawa mpaka leo. Ya kulia! Kapteni naye akaiangalia.

"Mzee, kwa mguu huo hufiki hata Mwanhuzi."

Na Mwanhuzi ndiko aliko dada yake mkubwa, aliyeshaahidiwa kuletewa ndege mlangoni.

Ndipo Shija akafungua mdomo. Shija ni fundi simu wa pale stendi, alikuwa anatusaidia nyaya. Mtu mzima, ana watoto wanne, lakini mdomo wake haujakua.

"Mimi naona ni kitambaa," akasema. "Bibi kakivuta upande mmoja. Macho yenyewe si ndiyo hayo."

Nikamgeukia Masunga anitetee. Masunga akaangalia chini.

Ningekuwa najua ni uongo mtupu, ningecheka. Lakini si uongo mtupu. Kitambaa kikivutwa vibaya, usukani unaweza kupinda kweli. Kwa hiyo nikaupima. Nikafunga uzi juu mpaka chini katikati ya usukani, nikapima huku na huku kwa vidole. Sawa. Nikamwita Shija, nikapima tena mbele yake. Sawa.

"Labda vidole vyako vimenenepa mkono mmoja," akasema.

Masunga akaamua kama hakimu. "Mayu, tutajaribu njia nyingine mpaka Ijumaa. Ikishindikana, jioni yake tunachana kitambaa cha mkia, na nitaleta fundi wa Mwanza avalishe upya."

Kuchana! Wiki tatu za macho yangu, kwa kisu. Na hilo neno lilifika sokoni kabla yangu. Jumanne asubuhi mama mmoja aliyekuwa ameniletea sare za watoto wake akaja kuzichukua, hazijashonwa. "Wewe pumzisha macho tu, mama," ananiambia, kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Sasa tukaanza hizo njia nyingine.

Njia ya Masunga ya kwanza ilikuwa mpira. Mnajua sisi huku, kitu kikitushinda tunakifunga mpira wa tyubu. Kuku kwenye baiskeli, mpira. Betri ya redio, mpira. Akaufunga ule mpira kwenye pedeli ya kulia ili uivute badala ya mguu, akaukaza, akasimama kando kama bwana harusi. Kapteni akapaa. Huko juu, akasema baadaye, hali ilikuwa nzuri kabisa, mguu ulipumzika. Lakini alipopunguza injini kutua, ule upepo wa kusokota ukapungua. Mpira haukupungua. Ukaendelea kuvuta kulia. Ndege ikagusa chini, ikatoka uwanjani, ikaingia kwenye shamba lililolimwa jana yake. Kapteni alishuka viatu vimejaa tope jeusi la mbuga, anatembea kama amevaa mikate.

"Huo mpira," akasema, "haujui kama upepo upo au haupo."

Hiyo sentensi ningeweza ningeidarizi niitundike ukutani. Kuna springi za kazi hiyo, zenye mkono wa kukaza na kulegeza ukiwa umekaa kwenye kiti, na hizo ni nzuri. Kabla ya kutua unalegeza. Lakini mpira uliofungwa fundo ataulegeza nani, na uko angani?

Jumatano Shija akaja na kimota. Amekitoa kwenye kitu gani sijui, kina nyaya nyekundu na betri. "Hiki nakiweka kwenye usukani, nyuma kabisa. Mzee anabonyeza swichi, kibati nitakachokiunga hapo kinajikunja chenyewe. Teknolojia, bibi."

Kapteni akakipima mkononi kama anayepima samaki. "Nyuma ya bawaba?"

"Ee."

"Hapana."

"Lakini Kapteni, hujaona hata kinavyo..."

"Hapana."

Mimi nilikuwa na hasira na Shija, kwa hiyo nilifurahi kabla sijaelewa. Baadaye nikaelewa. Usukani umening'inia kwenye bawaba kama mlango. Ukiuongezea mzigo kwa nyuma, siku ndege ikienda kasi unaweza kuanza kutetemeka wenyewe, na ukishaanza hauachi mpaka ung'oke. Vipo vimota vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, vyepesi, na watu wanaoviweka wanasawazisha uzito kwa mbele. Si kitu cha kufungua kwenye spika ya harusi. Ndiyo maana hata mimi nikiweka kiraka kwenye usukani napima kiraka. Rangi nayo ni mzigo. Nyie mnaomwaga rangi kama mnapaka nyumba, nawaona.

Alhamisi Masunga akasema basi, kibati. Ndiyo dawa rahisi kuliko zote, bati laini la alumini, unalifunga kwenye ukingo wa nyuma wa usukani, unalikunja kidogo, kwisha. Halina waya, halina mpira.

Akalifunga vizuri. Halafu akasema, "Ndege inataka kushoto. Mimi nataka kulia. Nakunja kulia." Tukaitikia wote. Na mimi nikaitikia, siwafichi. Hata Kapteni hakusema kitu. Ndege za kazini kwake zina gurudumu la trimu pembeni ya kiti, anazungusha tu, huko nyuma bati linakwenda wapi ni shauri la mafundi.

Akapaa, akazunguka mara moja, akarudi mbio. Kushuka hawezi kusimama.

"Imekuwa mbaya zaidi! Nimekanyaga pedeli mpaka mwisho!"

Shija akanigeukia taratibu. "Bibi, si umeona? Bati limeshindwa. Kitambaa hicho."

Na safari hii Masunga hakuangalia chini. Aliniangalia mimi. "Kesho jioni nitakuja na kisu, mayu. Usije, kama itakuuma."

Nilirudi nyumbani sikula. Sikuwa nalia, nilikuwa nimechoka na watu. Miaka yote hiyo mkono wangu umeshona watu wa mji huu wakioa, wakibatizwa, wakizikwa, halafu mkia mmoja unaniita kipofu.

Ijumaa asubuhi nikasema nitakwenda, kisu kinikute. Njiani kuna shamba, mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka, na jamaa mmoja na mkewe walikuwa wanalima na ng'ombe wawili. Plau yao ilikuwa inakula kulia, inaacha udongo haujaguswa kushoto. Yule jamaa akasimamisha ng'ombe. Hakupigana na mikono ya plau. Alikwenda mbele, pale kichwani kwenye matundu, akachomoa mnyororo, akausogeza tundu moja. Kulia. Akarudi, akapiga mluzi, na plau ikaanza kwenda kushoto yenyewe, yeye ameshika kwa vidole viwili.

Nikasimama na kiatu kimoja kwenye tope.

Mnyororo kulia, plau kushoto. Lakini hicho si nimekijua tangu nikiwa msichana! Baba yangu hakuwa na wavulana, plau nililima mimi. Nimeusogeza ule mnyororo mara ngapi? Huusogezi unakotaka kwenda. Unausogeza upande wa ugonjwa, na plau inakwenda upande wa pili.

Nilifika uwanjani natweta. Masunga amekaa juu ya pipa, kisu kiko gotini kweli, kimenolewa.

"Mzee, namhala," nikamwambia, "plau ikikataa kwenda kushoto, mnyororo unaupeleka wapi?"

"Kulia," akajibu, hata hakufikiri.

"Kwa nini usiupeleke kushoto, wakati unataka kushoto?"

"Kwa sababu mnyororo si..." Akageuza shingo polepole akakiangalia kibati. "Yaani sisi..."

"Ndiyo. Sisi."

Shija akaingilia. "Plau inavutwa mbele, bibi. Ndege inasukumwa nyuma. Si mambo yaleyale."

"Nyamaza, fundi simu."

Kapteni aliinuka, akapeleka kiganja chake hewani, akakunja ncha za vidole kushoto, akafikiri. "Bibi yuko sawa," akasema. "Upepo ukikuta kibati kimekunjwa kushoto, unakisukuma kulia. Nacho kinauburuta usukani mzima kulia. Kibati hakiongozi ndege. Kibati kinaongoza usukani, usukani ndio unaongoza ndege." Akajipiga kipajini. "Jana mlinirusha na dawa ya ugonjwa mwingine."

Masunga alikuwa ameshafika mkiani. Amelima na ng'ombe tangu utoto, mtu huyu! Akakishika kibati, akakikunja kushoto kwa aibu na nguvu. Kilikuwa kimekunjwa, kikanyooshwa, kikakunjwa tena tangu jana. Alumini haipendi hivyo. Kikakatikia mkononi mwake.

Hakuna bati lingine. La kuagiza lingechukua siku, na Kapteni anaondoka kesho. Masunga akaangalia kile kipande mkononi, halafu, haki ya Mungu, akaangalia kile kisu.

"Weka kisu chini," nikamwambia. "Nipe uzi wangu."

Nikafikiri hivi: kinachotakiwa ni kitu cha kuukera upepo upande wa kushoto, pale ukingoni. Upepo una habari gani kama ni bati au si bati? Nikachukua uzi wa nta, nyuzi nyingi, nikazisuka kama nywele, msuko mnene kama penseli. Nikaubandika kwa utepe wa gundi, upande wa kushoto wa usukani, ukingo wa nyuma kabisa, kutoka juu mpaka chini.

Masunga akasema, "Ndege yangu ifungwe uzi kama kuku wa sokoni?"

"Si wewe uliyeifunga mpira wa baiskeli?"

Kapteni akasema amewahi kuona jambo la hivyo, kwenye ndege zisizo na injini, huwa wanabandika kamba. Wengine wanagundisha kabari nyembamba ya mbao. Akaupima uzi kwa mkono, akaona hauna uzito, akaujaribu kama umeshika, akachezesha usukani mwenyewe. Akapaa.

Alirudi amekunja uso. "Sasa inavuta kulia!"

Masunga akakaa chini, palepale. Shija akapiga makofi. Mimi nikapiga kigelegele.

"Bibi," Shija akasema, "unashangilia nini? Imeharibika upande wa pili!"

"Imezidi, mjinga wewe! Nguo iliyozidi haijaharibika, inapunguzwa. Iliyopungua ndiyo imeharibika." Nikatoa mkasi. "Gauni linakatwa kubwa kwanza. Mwenye nalo analivaa, unalitazama, unapunguza. Tena analivaa."

Nikakata shibiri moja kutoka chini. Kapteni akapaa, akarudi. "Bado kulia, lakini kidogo sana." Nikakata vidole viwili. Macho yangu yaliona. Akapaa mara ya tatu, na safari hii hakurudi upesi. Alikwenda mbali, akapotea upande wa Migato, tukabaki tunasikiliza. Masunga amesimama juu ya pipa. Mdomo wa Shija uko wazi, lakini kwa kutazama juu tu.

Aliporudi alishuka kwa miguu yote miwili, akatembea kama anatoka kanisani.

"Kijimpira?" Masunga akauliza.

"Kimelala katikati kama mtoto aliyeshiba."

Mnadhani kuna aliyeniomba radhi? Shija alisema, nawanukulia, "Mimi toka Jumatatu nilikuwa nawaza uzi." Masunga alifunga kisu, akakitia mfukoni, akaenda kunywesha ng'ombe. Yule mama wa sare akarudi nazo wiki iliyofuata, na pazia juu. Nikamwambia aziweke pale, foleni ndefu, nimepumzisha macho.

Uzi haukukaa milele, mvua ingeuvuruga. Bati lilipokuja, tulilikunja kushoto, kidogo kidogo, tukarusha, tukakunja, mpaka kijimpira kikalala vilevile, tukapiga rangi nyekundu juu yake ili mtu asiliguse. Ile rangi nyekundu, wewe wa kofia, uliiona?

Na msiseme bibi kasema kibati kinamaliza kila kitu. Kibati kinakatwa kwa mwendo mmoja, kama kiatu kwa mguu mmoja. Tulikikunja kwa mwendo wa safari, basi. Ukiwa unapaa, injini inanguruma, bado utakanyaga kulia. Ukishuka, injini imetulia, utagusa kushoto kidogo. Ukitaka kubadilisha ukiwa hukohuko juu, weka springi yenye mkono wake, au kimota cha kweli, kilichowekwa na anayejua mizani. Kila mwezi mtu ananiuliza ipi bora. Bora kwa nani? Anaruka masaa mangapi? Mguu wake mzima? Hamnipi vipimo, mnataka gauni.

Pamba ilipotoa maua, Masunga akaja tena mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu. Nakwenda Mwanhuzi kwa dada. Kuna kiti."

Nilivaa kitenge kipya. Nilipanda nikiwa nasali na kumsema kwa pamoja. Alipaa vizuri, mguu wake wa kulia umekanyaga, naona paja linafanya kazi. Tukafika juu, akapunguza injini, mashamba chini yamejipanga mistari kama mshono. Mimi nimeshika kiti kwa mikono miwili. Masunga anaangalia mbele.

Halafu akasema, "Mayu, hebu angalia miguu yangu."

Nikaangalia. Alikuwa ameitoa yote miwili kwenye pedeli. Ameikunja, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyeketi kwake anangoja chai. Ndege inakwenda. Imenyooka. Kijimpira katikati.

Ndiyo radhi yenyewe hiyo, nilijua. Wiki nzima tulihangaika, nusura nichaniwe kazi ya macho yangu, ili mzee huyu aweze kuitoa ile miguu. Na sasa ameitoa, niione.

Nikamchapa kofi la goti.

"Rudisha miguu yako chini, namhala wewe! Mimi nimeshona mkia, sijashona mabawa ya malaika!"

Akacheka. Masunga, kwenye ile ndege, akacheka mpaka machozi. Na hakuirudisha, mpaka tulipoona mabati ya Mwanhuzi.